Kazi ya Kutojibu

Umeme ulikatika mteja akiwa chini ya drayer, rola zimejaa kichwani, na mchana huohuo anatakiwa kwenye usaili wa kazi.

Msusi hakushtuka. Alitega sikio tu. Redio ya jirani ilikuwa inaimba vilevile, na feni ya duka la dawa ng'ambo ya barabara ilikuwa inazunguka. Basi akajua. Aliweka kitana chini, akafuta mikono kwenye aproni, akapita pazia la kutenganisha saluni na nyumba yao.

Mumewe alikuwa amesimama kwenye korido mbele ya swichi kuu, kavaa sare ya mafundi wa umeme, buti zimejaa udongo, mkono bado uko juu ya swichi. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Alikuwa ametoka kazini mbio, bila kumuaga mtu.

"Baba Chiriku," mkewe alisema kwa sauti ya chini, maana ukuta ulikuwa wa mbao na wateja wana masikio. "Nina mtu chini ya mashine."

"Nilikupigia, hukupokea."

"Nilikuwa nimeshika kichwa cha mtu."

"Nikafikiri pasi."

"Pasi nimeizima, nimeichomoa, nimeifungia kabatini. Nimekwambia asubuhi ukiwa mlangoni, nikakwambia ulipopiga simu, nikakwambia tena ulipopiga kuuliza kama nilisikia ulichouliza mara ya kwanza." Akaonyesha swichi kwa kidevu. "Washa, tafadhali. Yule dada ana usaili."

Aliwasha. Drayer ikaanza kuvuma upande wa pili wa pazia. Akavuta pumzi, akaziba macho kwa kiganja, kisha akazima tena.

Saluni, mama mmoja mnene mwenye duka la vitambaa, mteja wa miaka mingi, alikuwa anapepea uso kwa gazeti. "Mwenzetu una mke mwenza," alimwambia msusi aliporudi. "Anakaa ukutani, hali, havai, hanuni, na bado mume anamkimbilia mchana kweupe."

Wanawake wakacheka. Msusi naye akacheka kile kicheko cha mtu wa biashara, kinachoishia kwenye meno. Mwenye usaili hakucheka. Alitoa rola moja moja, akafunga kitambaa juu ya nywele mbichi, akajitazama kwenye kioo kama anayemtazama mtu asiyemfahamu.

"Sirudi tena, dada," alisema kwa upole. "Si kwa ubaya."

Angetukana, msusi angejua la kumjibu.

*

Jioni ile msusi alingoja binti yao ale, amalize hesabu za shule, atoke nje kucheza. Binti walimwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kupumzika. Kisha akavuta kiti jikoni, akakaa mbele ya mumewe.

"Nasema hili nikiwa sina hasira, usije kesho ukasema zilikuwa hasira. Shule zikifungwa, mimi na Chiriku tunahamia kwa kaka yangu."

Fundi alitazama mikono yake. "Kwa sababu ya mteja mmoja?"

"Mteja mmoja leo. Wiki iliyopita wawili. Lakini sikuondokei kwa ajili ya wateja. Juzi mtoto aliniuliza kama nyumba yetu itaungua. Hakuuliza kama itaungua siku moja. Aliuliza itaungua lini."

Fundi aliinuka, akagusa plagi ya jiko, akarudi kukaa.

"Tafuta mtu wa kukutibu, Baba Chiriku."

"Mimi si kichaa."

"Nani kasema kichaa? Nasema umechoka. Mimi nimechoka. Hata hiyo swichi yenyewe imechoka, umeshaibadilisha mara mbili."

Fundi alitaka kucheka, akashindwa. Tangu rafiki yake Mrefu afe kwenye nguzo, mambo mengi alikuwa akitaka kuyafanya na kushindwa. Kupanda nguzo ameshindwa. Msimamizi wake amemweka stoo, agawe glovu na kamba kwa vijana aliowafundisha yeye mwenyewe. Kulala ameshindwa. Kuondoka nyumbani bila kugusa kila swichi, kila plagi, ameshindwa. Alijua kwamba anachofanya hakina maana. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote: alijua, na kujua hakukumsaidia chochote.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini nitakwenda kupima moyo. Unanienda mbio."

"Anza na moyo," mkewe alisema. "Ukishafika hapo, wao watajua kilicho jirani yake."

*

Moyo ulikuwa mzima. Mganga wa zahanati ya serikali aliusikiliza mbele na nyuma, akavua kipimo masikioni, akamuuliza maswali mawili matatu kuhusu usingizi. Kisha akamwelekeza chumba cha mwisho, kilichopakana na chumba cha chanjo.

Mlango wa chumba hicho uliandikwa AFYA YA AKILI kwa herufi kubwa nyekundu, kana kwamba aliyeziandika alitaka zisomeke toka barabarani. Mbele yake palikuwa na benchi moja, na kwenye benchi alikuwa amekaa muuza nyama wa kona ya mtaani kwao, mwanamume mwenye mikono kama magogo.

Wakatazamana. Hakukuwa na pa kukimbilia.

"Namsubiri mtu," fundi alisema.

"Na mimi namsubiri mtu," alisema muuza nyama.

Wakakaa, kila mmoja akikodolea ukuta. Watoto walikuwa wanalia kwenye chanjo. Baada ya muda mlango ukafunguliwa, sauti ya mwanamke ikaita namba. Muuza nyama akainuka, akavuta shati lake likae vizuri.

"Basi mtu wangu amefika," alisema, akaingia.

Fundi aliachwa peke yake na zile herufi nyekundu. Miguu yake ilitaka kuondoka. Alifikiria mkewe akikunja nguo za Chiriku kwenye sanduku, moja moja, kwa ule utulivu wake wa jikoni. Akaishika benchi kwa mikono miwili, akabaki.

*

Mshauri alikuwa msichana. Angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Fundi alimwita daktari.

"Mimi si daktari, kaka. Ni mshauri. Sina sindano wala vidonge. Nina kiti, masikio, na kazi nitakazokupa za kwenda kufanya nyumbani. Wengi huzikimbia hizo kazi kuliko sindano."

Mara ya kwanza alizungumzia usingizi tu. Mara ya pili alizungumzia stoo. Mara ya tatu mshauri alimwomba amweleze jinsi mafundi wanavyofanya kazi kwenye nyaya, hatua kwa hatua, kama anamfundisha mgeni. Hapo fundi alinyooka kitini. Hili alilijua.

"Unazima umeme wa laini kwenye sanduku. Unafunga kwa kufuli lako mwenyewe. Kila fundi ana kufuli lake, na ufunguo anatembea nao mfukoni. Mkiwa watano, makufuli matano. Hata msimamizi hawezi kuwasha mpaka wa mwisho atoe la kwake. Kisha unapima waya. Kisha unaufunga waya wa ardhini, ili kama kuna umeme wowote umebaki, uende chini usije kwako. Ndipo unapanda."

"Na siku ile?"

Fundi alitazama dirisha. "Siku ile nilizima mimi. Kufuli langu, ufunguo wangu. Mvua ilikuwa inakuja, watu wa mtaa wamesimama chini wanatupigia kelele, wako gizani tangu jana yake. Mrefu akaniuliza, 'Tupime?' Nikamwambia, 'Panda, nimezima mwenyewe.'"

Mshauri aliweka kalamu chini.

"Na nilikuwa nimezima kweli. Kufuli lilikuwepo, hata walipokuja kukagua walilikuta. Kumbe nyumba moja mbele huko wana jenereta. Wameiunganisha ovyo, bila kujitenga na laini. Wakaiwasha. Umeme ukatoka nyumbani kwao, ukarudi kwenye waya, ukamkuta Mrefu juu."

"Ulijua kuna jenereta?"

"Hakuna aliyejua."

Watu wote walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba si kosa lake: msimamizi, mkewe, hata mjane wa Mrefu mwenyewe. Maneno hayo yalimpita kama maji juu ya jani la gimbi. Mshauri hakuyarudia. Aliuliza kitu kingine.

"Ukimpigia mkeo, akakwambia pasi amezima, unatulia kwa muda gani?"

"Mpaka nikate simu."

"Humwamini?"

"Namwamini kuliko mtu yeyote."

"Sasa?"

Upande wa pili wa ukuta mtoto alilia, akabembelezwa, akanyamaza.

"Anasema 'nimezima,'" alisema mwishowe, sauti imepasuka. "Na mimi nilisema nimezima. Na nilikuwa nasema kweli."

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote hilo. Hakuwahi hata kujiambia mwenyewe. Alilia pale kitini, mtu mzima, buti zake zikiwa zimeacha udongo sakafuni, na mshauri hakumharakisha.

*

Wiki iliyofuata mshauri aliomba mke naye aje. Msusi alifika na rangi ya nywele bado imeganda kwenye kucha, amefunga saluni asubuhi nzima, amejiandaa kusikia lolote. Hakuwa amejiandaa kusikia alichoambiwa.

"Dada, kazi yako wewe ni kutojibu."

"Kutojibu nini?"

"Akiuliza kama umezima, umechomoa, umefunga. Usijibu. Mwambie hujui."

Msusi alimgeukia mumewe, kisha akamrudia mshauri. "Mume wangu ananipigia anatetemeka, mimi nimwambie sijui? Na ninajua? Hiyo ni tiba au adhabu?"

"Upele ukikunwa una raha yake," mshauri alisema. "Lakini hauponi. Kila unapomjibu, anapata nafuu kidogo, halafu upele unawasha zaidi. Wewe kwa mapenzi yako umekuwa ukucha."

Neno hilo lilimchoma msusi. Miaka miwili alikuwa akipokea simu na sabuni mikononi, akijibu swali lilelile kwa sauti ileile ya upole, akijisifu moyoni kwamba wanawake wengine wangekwisha kuondoka. Kumbe ule upole ndio uliokuwa ukilisha ugonjwa.

"Hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwenzake kila kitu," mshauri aliendelea. "Mumeo alifunga kufuli, na bado. Anachohitaji kujifunza ni kuishi bila kuwa na hakika, kama sisi wengine tunavyoishi bila kujua kwamba tunafanya hivyo. Hofu itapanda. Asipoihudumia, itashuka yenyewe. Haishuki siku ya kwanza."

Wakakubaliana maneno hapohapo, wote watatu, ili siku ya siku fundi asione amesalitiwa. Atakapouliza, mkewe atajibu: "Sijui, lakini najua utaweza." Hakuna nyongeza. Na yeye hatagusa swichi kuu. Watapanda ngazi polepole: kwanza aache kukagua pasi, kisha jiko, kisha mashine za saluni.

"Na nguzo?" fundi aliuliza.

"Nguzo iko juu kabisa ya ngazi, kaka. Tutafika. Leo tuko kwenye pasi."

*

Simu ya kwanza ilikuja msusi akiwa katikati ya kichwa cha mama wa vitambaa.

"Pasi?"

Msusi alishika simu kwa bega. Jibu lilikuwa tayari ulimini, limezoea kutoka. Akalimeza. "Sijui. Lakini najua utaweza."

"Usinitanie. Niambie tu leo, kesho tutaanza."

"Sijui, Baba Chiriku."

"Unajua! Uko hapo hapo!"

"Lakini najua utaweza." Akakata. Alikwenda bafuni, akafungua bomba ili lisikike, akanawa uso mara mbili.

"Mmegombana?" mama wa vitambaa aliuliza aliporudi.

"Hapana. Tunatibiwa."

"Wote wawili?"

"Mgonjwa mmoja, dozi mbili."

Mama wa vitambaa alifikiri. "Basi ya kwako ndiyo chungu," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza utani.

Siku zilikuwa mbaya, kisha mbaya kidogo, kisha mbaya tena. Fundi alinuna. Siku moja alimwita mkewe mkatili mbele ya mtoto, akaomba msamaha kabla ya chakula kupoa. Alikwenda kwa mshauri kila wiki, akaeleza alipoanguka, akarudi na kazi nyingine. Mara kadhaa alimkuta muuza nyama kwenye benchi. Waliacha kudanganyana; walisalimiana kama watu wa zamu moja.

Halafu msusi akagundua kwamba mumewe ameacha kumuuliza, na hakuona ni kitu gani kipya kilichomtuliza. Akamwita Chiriku chumbani.

"Umekuwa ukimjibu baba yako?"

Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alifinya ncha ya shuka.

"Ananiuliza kwa macho tu, mama. Mimi namtingishia kichwa."

"Kwa nini?"

"Anatia huruma."

Msusi alikaa kitandani, akamvuta mtoto. "Hata mimi ananitia huruma. Kila siku. Lakini ile huruma ya kumjibu inamrudisha nyuma. Sasa tunamwonea huruma nyingine, ngumu zaidi. Utaweza?"

"Nikitazama pembeni itafaa?"

"Itafaa sana."

*

Wiki ya mitihani ya mwisho wa muhula, kwenye saa za mchana, fundi alitoka stoo na kushika njia ya nyumbani. Miguu ilikuwa imeamua kabla yake. Alikuwa hajapiga simu, kwa kuwa alijua atajibiwa nini. Alifika ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la dawa, akaiona nyumba yake, bati lake, dirisha la saluni. Hakukuwa na moshi. Moyo ulisema: moshi hutoka baadaye.

Palikuwa na matofali mawili ya kukalia. Akakaa.

Mama wa vitambaa ndiye aliyemwona kwanza. "Mumeo yuko pale juani."

Msusi alisogea dirishani. Alimwona amekaa, viwiko magotini, jasho linamtiririka kama mtu aliyemwagiwa maji. Alijua kwamba neno moja lingemwinua. Angeweza hata asiseme; angenyoosha kidole gumba tu.

"Mwite, dada," mwanamke mwingine alisema. "Una roho ngumu wewe."

"Leo ninayo," msusi alisema. Akarudi kwenye kichwa alichokuwa anasuka. Vidole vilikosea mara mbili, akafumua, akaanza upya.

Ng'ambo ya pili, fundi alihisi hofu ikipanda. Nyumba itaungua. Chiriku atarudi akute majivu. Mtu fulani juu ya nguzo fulani atakufa kwa sababu ya kitu kilichosahaulika humo ndani. Kila siku alipofika hapa alivuka barabara. Akashika tofali chini yake.

Muuza nyama alikuwa anapita na kapu. Alisimama, akamtazama, akatazama nyumba, akaelewa vya kutosha.

"Unamsubiri mtu?"

"Ndiyo."

"Basi nami nitamsubiri kidogo." Akakaa kwenye tofali la pili, kapu katikati ya miguu.

Hofu ilipanda mpaka pale ambapo fundi alifikiri atapasuka. Hakupasuka. Ilisimama hapo, ikakaa, ikakaa. Na kisha, bila mtu kuiambia kitu, bila swichi kuguswa, ikaanza kushuka. Ilishuka kama homa inavyoshuka, kwa jasho na uchovu. Nyumba ilikuwa palepale. Hakujua kama pasi imezimwa. Hakujua, na alikuwa anapumua.

"Mtu wako kaja?" muuza nyama aliuliza.

"Kaondoka," fundi alisema.

Akainuka, akampa mkono, akageuza njia kurudi kazini. Dirishani msusi alimwona akiishia kwenye kona, mgongo umelowa, kichwa kimeinuka. Ndipo alipoweka kitana chini, akalia mbele ya wateja wote, na hakuna aliyemtania.

*

Shule zilipofungwa, Chiriku aliwahi kuamka kuliko siku za shule. Alikuwa amesikia yale maneno ya jikoni muhula ulipoanza. Aliyasikia kwa dirisha, akayabeba peke yake wakati wote huo. Alisimama mlangoni mwa chumba cha wazazi.

"Mama, tunahamia kwa mjomba?"

Fundi, aliyekuwa anafunga kamba za buti, alisimamisha vidole. Hakuinua uso.

"Tunakwenda," msusi alisema. "Wiki moja. Kusalimia. Mjomba wako amelalamika kwamba amesahau sura yako, ingawa sauti yako hawezi kuisahau. Baba yako atabaki na nyumba."

Ilimchukua fundi muda kulielewa lile neno la mwisho. Atabaki na nyumba: plagi zote, jiko, mashine, swichi kuu, na hakuna wa kumuuliza. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anakunja gauni la mtoto, kwa utulivu uleule, na sanduku alilochagua lilikuwa dogo.

"Uko tayari?" alimuuliza bila kugeuka.

"Sijui," fundi alisema. "Lakini nendeni."

Aliwasindikiza, sanduku begani. Walifunga mlango, wakashuka mtaa, Chiriku akiongea mbele yao bila kituo. Walikuwa wamefika kwenye barabara kubwa msusi aliposimama ghafla.

"Ngoja. Sikumbuki kama nimechomoa drayer."

Halikuwa jaribio. Alikuwa amesahau kweli. Uso wake ulionyesha, na mara tu neno lilipotoka alitamani kulirudisha. Chiriku alinyamaza. Wote wawili hawakuthubutu kumtazama fundi.

Fundi alihisi hofu ikianza kupanda tena. Alihamisha sanduku kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Nyuma yao nyumba ilikuwa bado inaonekana. Ingekuwa dakika chache tu kwenda na kurudi. Basi lilikuwa linakuja, limejaza honi barabarani.

"Hata mimi sijui," alisema. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. "Pandeni, mtakosa nafasi."

Aliwapakia, akawapa sanduku dirishani, akashika kidogo mkono wa mkewe uliokuwa umetokeza nje. Basi likaondoka. Alisimama ukingoni mwa barabara moyo ukipiga, akausubiri bila kuuharakisha. Kisha akatengeneza kola ya sare yake, akaenda kazini.